Kidole cha Sulia

Mangere, Auckland
2 Machi 2023

Dada yangu Kalolaine,

Naandika tarehe hiyo hapo juu na hesabu inakuja yenyewe: huu ni mwaka wa arobaini na saba tangu niondoke kisiwani kwetu Lifuka. Nimeishi huku karibu mara mbili ya muda niliokaa huko, na bado nikiulizwa kwetu ni wapi, shingo inageuka kaskazini kabla mdomo haujajibu.

Binti yetu Lesieli amerudi salama kutoka kwako. Mkeka uliompa nimeutandika chumbani, na nyumba nzima inanuka mkadi uliokauka juani. Amenieleza ulivyokipokea kile kipimo cha sukari. Unachoma kidole asubuhi, tone linaingia kwenye kikaratasi, simu inaisoma namba na kuituma kwake hapa na kwenye kliniki ya huko. Nimefurahi. Sisi watu wa nyumba yetu tukiulizwa hali husema hatujambo hata tukiwa hatuwezi kuinuka kitandani. Mama alisema hajambo mpaka siku waliyomkata mguu, na mwaka haukuisha tukawa hatuna mama.

Kuna jambo nataka ulijue kutoka kwangu. Programu ile ya kwenye simu iliuliza jina la ndugu wa karibu wa kuarifiwa, na Lesieli, kwa kuwa zamu zake za uuguzi hazitabiriki, akaandika jina langu. Zamani neno kama hili lingepitia kwa wifi yako Mafi, lakini Mafi yuko makaburini mwaka wa tatu sasa. Najua kuna mambo ya dada ambayo kaka hayaoni. Tangu nilipoota ndevu nikahamishiwa kibanda cha wavulana sijakaa nawe kwenye mkeka mmoja, wala sijataja mbele yako kitu chochote cha mwili, na sitaanza uzeeni. Kwa hiyo nimemwambia Lesieli aifiche namba. Mimi naona rangi tu. Kijani ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Rangi si damu.

La mwisho nimeliweka mpaka hapa. Nimeanza kuulizia tiketi ya mwezi wa Agosti, na siji matembezi. Nataka kujenga nyumba ndogo pale penye mshelisheli, ng'ambo ya ua wako, tuzeeke tukisikiana kikohozi. Ninaloomba ni moja tu: nikukute.

Ndugu yako mdogo,
Feleti


Lifuka, Ha'apai
21 Machi 2023

Feleti,

Barua yako ameileta mke wa mchungaji aliporudi na ndege ya Jumanne iliyopita, imekunjika kidogo lakini imefika.

Huku tunasuka. Tuko wanawake sita kwenye ukumbi wa kanisa, na mkeka ni wa harusi ya binti wa mchungaji, mkubwa kiasi kwamba Sulia anasema tukiumaliza itabidi ukumbi ubomolewe ili utoke. Sulia hajabadilika. Amekonda kama ufito na anakula kuliko sisi wote, kisha anatutazama tunavyohesabu vipande vya gimbi na kutuuliza kama tunafunga kwa toba.

Mshelisheli ulivunjika tawi moja kwenye kimbunga, lakini unazaa. Kiwanja kipo. Nguruwe wamekizoea, watahamishwa. Uje.

Kuhusu ile simu, nimesoma ulichoandika. Sikuwa nikijua. Lesieli alinieleza mengi siku ile na kichwa changu ni cha kizee, labda alisema nikapitiwa. Usijali. Utakuwa unaona kijani.

Kalolaine


Auckland
9 Mei 2023

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Baba anasema shangazi haandikiwi kwa kidole gumba.

Shangazi, unatuaibisha. Wagonjwa wangu kina mama wa hapa wanahudhuria masomo, wanapewa vitabu vyenye picha za sahani, na bado simu zao ni nyekundu kama taa za barabarani. Wewe tangu katikati ya Machi hujatoka kwenye kijani hata asubuhi moja. Tano nukta mbili, tano nukta nne, tano. Hata ile wiki ya mazishi ya mzee Sosefo, na mimi najua mazishi ya Ha'apai yalivyo, mbavu za kondoo zenye mafuta na nyama ya kopo na majani ya magimbi kwa tui zito, hata wiki hiyo ulikuwa tano nukta tatu. Nilimwonyesha daktari mmoja tunayefanya kazi naye, akauliza kama wewe ni mkimbiaji.

Kliniki ya huko nao wanaona orodha hiyohiyo, na wameniandikia kwamba wamekupunguzia vidonge nusu. Ni heshima hiyo, watu wengi huongezewa tu.

Ombi moja. Programu ina sehemu ya kutuma picha ya nyayo kila wiki. Mtu mwenye kisukari anaweza kukanyaga kitu asisikie. Hujatuma hata moja. Kaa kitini, mpe mtu simu akupige picha, basi. Baba huitazama rangi yako kabla hajanywa chai na kusema asante Mungu. Sijamwona hivi tangu Mama afariki.

Mwanao,
Lesieli


Lifuka
24 Mei 2023

Lesieli mwanangu,

Nimepata barua, na dawa ya kuchua niliyokuagiza nimeipata pia.

Mimi ndiye shangazi yako. Siku ulipotimiza mwaka mmoja nilivuka bahari nikakalishwa juu ya mikeka yote, mahali pa dada wa baba, na baba yako akaketi chini karibu na mlango, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo nikikwambia neno ulichukue hivyohivyo. Miguu yangu haijaalikwa Auckland. Haitakuja.

Halafu unijibu hili. Picha hiyo ikitoka huku, inapitia wapi kabla ya kufika kwako? Kila kitu nikitumacho kinapitia wapi? Nani anakaa njiani?

Wauguzi wa kliniki wananisifia mbele za watu. Vidonge ni nusu. Nashukuru.

Shangazi yako,
Kalolaine


Mangere
12 Juni 2023

Sulia mwenzangu,

Utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Tulikaa dawati moja kwa mwalimu Tomasi, ukanakili hesabu zangu miaka mitatu na kunitupia mawe nikilalamika, kwa hiyo nadhani una deni la adabu kwangu.

Nilifanya kazi ya kusoma makosa kwenye kiwanda cha uchapaji, maisha yangu yote ya kazi. Kazi hiyo ilinifunza jambo moja. Ukurasa wenye kosa dogo hapa na pale umesomwa na mtu. Ukurasa usio na kosa lolote, mara nyingi umebadilishwa na mwingine kabla hujaletewa. Juzi Lesieli alikuja kula kwangu akaanza kunisimulia habari za dada yangu. Nikamzuia, namba si zangu. Akasema hasemi namba, anasema tu kwamba hazitikisiki, sikukuu kwa msiba, na kwamba dada yangu amemwandikia swali ambalo halielewi, la nani anakaa njiani.

Mimi nimelielewa, na tangu hapo chai hainishuki.

Sulia, siwezi kumuuliza yeye. Unajua kwa nini siwezi. Siwezi hata kukuuliza wewe kwa maneno yaliyonyooka, kwa kuwa kumuuliza jirani habari za mwili wa dada yako ni kuchungulia kwa macho ya kuazima. Nakuomba tu uniambie kile ambacho mtu asiye ndugu anaweza kuniambia. Tiketi ni ya tarehe 14 Agosti. Nataka kujua kama hiyo ni mapema au nimechelewa.

Feleti


Lifuka
26 Juni 2023

Feleti,

Barua hii inapigwa picha na mke wa mchungaji ili ifike leo, kwa hiyo na yeye ameisoma. Mama mchungaji, hujambo.

Hesabu sikunakili, ulikuwa unaniachia kwa makusudi. Tuendelee.

Mimi si dada yako, namshukuru Mungu, kwa hiyo naweza kusema. Kidole ni changu.

Ilianza kwa mzaha. Siku aliyopata barua yako alikuja ukumbini, akasuka mistari miwili na kuifumua. Tukamuuliza. Akasema, Feleti anaona damu yangu kila asubuhi kwenye simu yake. Tukacheka, tukamwambia anaona rangi tu. Akasema hivi, namnukuu maana hakurudia tena: "Ikiwa nyekundu atajua nini kimo ndani yangu. Kaka yangu atakaa mezani kwake ajue." Hapo hatukucheka. Sisi sote tuna kaka.

Asubuhi iliyofuata aliniambia, Sulia, lete kidole. Nikampa. Nilidhani ni kwa siku ile tu. Ikawa kila asubuhi kabla ya kuanza kusuka, ananichoma, kile kimashine kinalia, wenzetu wanaimba kwamba kisima kimetoa maji. Waliniita kisima. Mimi nikajiona nimemsaidia. Unajua mimi nakula nyama ya kopo kwa kijiko na sukari yangu ni ya malaika.

Kisha kliniki wakampunguzia dawa. Nilimwambia pale pale, Kalolaine, waliyempunguzia dawa ni mimi, na mimi sizinywi. Akasema akikiri sasa kila mtu atajua alidanganya, na wewe utajua kwa nini. Nikamwambia basi sikupi kidole. Akachoma cha mwenzetu Vasiti.

Sasa sikiliza. Mwezi wa tano tulikuwa tunachambua majani ya mkadi, tunang'oa miiba. Alikanyaga mwiba. Hakusikia. Mimi ndiye niliyeuona, siku kadhaa baadaye, kwa sababu ya harufu. Anavaa soksi za kanisani siku zote sasa na joto hili. Wiki iliyopita alipanda ngazi ya ukumbi, soksi ikashuka. Kidole kikubwa ni cheusi, Feleti, na wekundu umepita kifundo. Nilimwambia twende hospitali. Akaniuliza kama nimealikwa nyumbani kwake au nimejialika.

Ulitaka kujua kama Agosti ni mapema. Agosti hutamkuta mtu hapa.

Leo jioni mimi na Vasiti na wengine tunambeba. Tuko watano, na hasira tunazo. Atatutukana mpaka mlangoni kwa daktari, na atutukane tu.

Sulia


Lifuka
3 Julai 2023

Baba,

Nilifika juzi. Nakuandikia kwa simu nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi.

Niliandika jina lako kwenye programu kama mtu anavyoandika anwani ya kurudishia barua. Nimezaliwa nikiona unatoka sebuleni shangazi anapoingia, nimeona, na sikuwahi kufikiri kwamba simu nayo ni sebule. Sitasema zaidi, tutakuja kusemeshana baadaye.

Hali ni hii. Homa haishuki. Dawa wanampa kwenye mshipa, vidonge vya sukari wameviacha na sasa ni insulini, ninampima mwenyewe na namba ni za kutisha. Daktari anasema kwa mguu ulivyo lazima akatwe chini ya goti, na kazi hiyo inafanyika mji mkuu. Kuna nafasi kwenye ndege ya keshokutwa asubuhi. Akiikosa hiyo, daktari hakumaliza sentensi.

Hakubali. Daktari amemsihi, mchungaji amemsihi, Sulia amemwita punda mbele ya wodi nzima. Habishani na mtu, anageukia ukutani. Nilipomwambia kwamba umebadilisha tiketi na utafika Jumamosi, nilidhani nampa nguvu. Akaomba kalamu.

Ameniambia nisisome. Nimeipiga picha bila kusoma, naituma pamoja na hii. Baba, kama kuna neno unaloweza kumwambia, liseme leo.

Lesieli


Lifuka, hospitalini
3 Julai 2023

Feleti,

Kwa kuwa umekwisha kujua, nitasema mara moja, halafu tusiseme tena.

Sikukasirika na wewe. Ulidhani rangi si damu. Mtu aliyekaa mbali sana huanza kudhani hivyo, kwamba heshima ni kutotaja tu. Ungekuwa huku ungejua kwamba ni kutojua. Wewe usipojua, mimi ni dada yako, nimekaa juu ya mikeka. Ukijua, mimi ni mgonjwa wako.

Unakumbuka Mama alipokatwa? Hukuwepo, ulikuwa umekwisha kwenda. Mjomba Lopeti alikuja kila siku. Hakuingia, kwa kuwa Mama ni dada yake. Alisimama nje ya dirisha amevaa mkeka wake wa heshima kiunoni, mvua ikimnyea, na Mama ndani alivuta shuka na kulikunja pale ambapo mguu ungekuwepo, ili mjomba akitupa jicho kwa bahati mbaya aone miguu miwili. Alikuwa na homa, na kazi yake ya kutwa ilikuwa shuka. Mimi ndiye niliyekuwa namkunjia. Siku ya mwisho aliniomba nikunje vizuri.

Sasa unakuja Jumamosi. Hutasimama dirishani, hospitali za siku hizi watakuwekea kiti. Na baada ya hapo si matembezi, unajenga ng'ambo ya ua. Kila asubuhi nitatoka na magongo yangu na wewe utakuwa unafagia majani ya mshelisheli, na utageuza uso kwa adabu, kila asubuhi, mpaka mmoja wetu afe. Siwezi. Majirani na waone. Sulia na acheke. Mtu anaweza kuishi na mguu mmoja mbele ya dunia nzima. Mbele yako siwezi.

Kama usingekuja, ningewaachia wakate leo hii. Nakuambia kweli, kwa sababu napenda kuishi, na mkeka haujaisha.

Lakini unakuja, nchi ni yako na kiwanja ni chako, na mimi sina haki ya kumzuia mtu kurudi kwao baada ya miaka yote hiyo. Basi njoo. Utanikuta mzima, nimefungwa ndani ya mikeka yangu mwenyewe, miguu yote miwili. Mchungaji anajua wimbo wa mazishi.

Si vitisho. Ni mpangilio.

Kalolaine


Mangere
4 Julai 2023

Dada yangu Kalolaine,

Barua yako imenifikia. Hii naipiga picha, Lesieli atakupa simu mkononi na kutoka nje, nimemwagiza hivyo.

Sina la kukuamuru. Tangu lini mdogo akamwamuru dada yake. Nitakuambia tu mambo niliyokwisha kuyafanya, kwa kuwa hayo ni yangu.

Jina langu limeondolewa kwenye programu ile. Jioni ya jana Lesieli alilifuta akiwa huko, na huku nikaona ukurasa unafungwa wenyewe. Mahali pangu limeandikwa jina la Sulia. Yeye atakutukana namba zikipanda, na ana haki hiyo kuliko mimi. Umpe kidole chako mwenyewe, chake kimechakaa.

Leo asubuhi nilikwenda kwa wakala wa ndege nikarudisha tiketi. Kijana wa pale aliniuliza kama nataka waniwekee tarehe nyingine, akasema inaruhusiwa kuiacha wazi kwa mwaka mmoja. Nilimwambia asiiache wazi. Alinitazama, pengine nilisema kwa sauti kubwa.

Kiwanja cha mshelisheli apewe Lesieli, na mpaka atakapokihitaji, nguruwe wabaki.

Ulikuwa sahihi kuhusu umbali. Nilisoma vitabu vingi huku, na nadhani nilianza kuamini kwamba kitu kisichotajwa hakipo. Nilikuwa natazama ile rangi kila asubuhi na kujiona ndugu mwema. Sikujua nimeingia chumbani kwako na viatu.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kukuandikia. Hiyo nyumba ndogo nilikuwa nimekwisha kuijenga kichwani. Mlango ulielekea kwako, kisha nikaubadilisha ukaelekea barabarani, ili usione aibu ya kutazamwa, kisha nikaurudisha. Sikupata jibu la mlango. Sasa naona kwamba hapakuwa na jibu.

Ndege ni kesho asubuhi. Waambie ndiyo. Sitauliza wamefanya nini wala Lesieli hataniambia. Ukipona niandikie habari za mkeka, kama kweli ukumbi ulibomolewa, na nani alikaa wapi kwenye harusi. Usiniandikie habari nyingine. Nikiona mwandiko wako nitajua yanayonitosha.

Usiseme moyoni kwamba nimesema hivi kukutuliza, na kwamba mwakani, ukiwa umezoea, nitatokea. Unanijua tangu nikiwa na meno ya maziwa. Usiandae kitu wala usikunje shuka. Hakuna atakayekuja.

Mimi ni mzee, akili yangu ni timamu, na nimeamua. Sitarudi Lifuka.

Ndugu yako mdogo,
Feleti